Chakula cha mbwa mzee: protini kiasi gani, itoke wapi, na namna ya kuipika hapa Mwanza

Malalamiko yanafanana, yawe yanatoka Nyegezi, Igoma au Kisesa: mbwa amezeeka, mgongo umechongoka, mapaja yamenywea, lakini tumbo bado lipo. Mwenye mbwa akiuliza mtaani anapewa majibu mawili. La kwanza: mpunguzie nyama na dagaa, protini inaua figo za mzee. La pili: mwongezee ugali, atanenepa.

Jibu la kwanza linamla misuli. La pili linamwekea mafuta juu ya mifupa, na wengi wanalifuata kwa sababu ugali ni rahisi.

Ukweli ni huu: mbwa mzee ambaye figo zake ni nzima anahitaji protini nyingi zaidi kuliko alipokuwa na miaka minne. Mwili wake unaichakata protini kwa ufanisi mdogo, misuli inapungua hata akiwa anakula, na pengo hilo halizibwi na unga. Kinachotakiwa kupungua ni chakula cha kutia nguvu, yaani wanga na mafuta, kwa kuwa siku hizi anashinda kivulini.

Nani mzee? Mbwa mkubwa kama German Shepherd, kuanzia miaka saba hivi. Mbwa wetu wa kienyeji wa kilo 15 hadi 25, miaka minane au tisa. Vile vidogo vya kukaa sebuleni, miaka kumi na kuendelea.

## Vitu vya kuwa navyo

Vikusanye kwanza. Wengi wanaokwama wanakwama kwa sababu wanapima kwa macho.

- Mizani ya jikoni inayosoma gramu. Hii haina mbadala.
- Mizani ya kumpimia mbwa mwenyewe.
- Jagi lenye alama za mililita.
- Mabeseni mawili na chekeche.
- Kinu na mchi, au blenda.
- Sufuria yenye mfuniko, iwe ya mbwa peke yake.
- Ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko unaobana.
- Daftari na kalamu.

Chakula cha wiki moja kwa mbwa wa kilo 20:

- Dagaa wakavu wa ziwa, gramu 420 baada ya kusafishwa. Nunua zaidi, maana mchanga na vumbi vitapunguza uzito.
- Mayai 14. Nusu trei inatosha na linabaki moja.
- Nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, au minofu ya sangara, gramu 420.
- Unga wa dona, gramu 840.
- Boga au karoti, gramu 700.
- Mafuta ya alizeti, kijiko kimoja cha chai kwa siku.

Chumvi, kitunguu na viungo vya mchuzi havimo, na havikusahauliwa.

## Hatua ya 1: Mpime uzito

Mbwa mdogo mbebe, panda naye kwenye mizani, kisha jipime peke yako na utoe. Mkubwa mpeleke kwenye duka la nafaka au mashine ya kusaga, kwenye mizani ya chini ya kupimia magunia. Mwombe mwenye duka kwa adabu na uende asubuhi kabla ya wateja. Usimweke mbwa mzee kwenye kiroba ukamning'iniza kwenye mizani ya ndoano. Mgongo na nyonga zake haziwezi.

Andika uzito na tarehe kwenye daftari. Kila hesabu inayofuata inasimama juu ya namba hii.

## Hatua ya 2: Mpapase, usimtazame tu

Manyoya yanadanganya. Mafuta na misuli ni vitu viwili tofauti, na mbwa anaweza kuwa na mafuta mengi huku misuli imeisha.

Anza na mbavu. Kunja ngumi, upitishe kidole juu ya viungo vya vidole vyako: mbavu zikisikika hivyo, zimejitokeza na hazina kitu juu yake, mbwa amekonda. Kunjua mkono, upapase mgongo wa kiganja: hivyo ndivyo mbavu za mbwa mwenye afya zinavyosikika. Ukilazimika kubonyeza ndipo uzipate, amenenepa.

Sasa misuli. Pitisha vidole pande mbili za uti wa mgongo, kuanzia mabegani hadi kiunoni. Panda juu ya mabega, shuka kwenye nyonga, malizia juu ya kichwa, kati ya masikio na macho. Sehemu hizo zikiwa na mabonde, misuli imepungua. Kichwa ndicho wengi hawakigusi, na kwa mbwa mwenye manyoya mazito ndicho kinachosema ukweli mapema.

Ukikuta mbavu zimefunikwa na mafuta huku mgongo una mabonde, huyo ndiye mgonjwa wa ugali. Ni wengi sana.

Kukonda kwenyewe nako kuna sababu nyingine. Mfungue mdomo uangalie meno yaliyooza au fizi zinazotoa damu. Hakikisha amepewa dawa ya minyoo ndani ya miezi mitatu iliyopita. Kama ana kupe na ufizi wake umepauka, ugonjwa wa kupe unaweza kuwa ndio unaomkausha, na hakuna dagaa watakaoutibu.

## Hatua ya 3: Figo kwanza, sufuria baadaye

Usiiruke hatua hii. Kwa mbwa mwenye figo nzima, hakuna ushahidi kwamba protini ya kutosha inaziharibu. Ila figo zikiwa tayari zinaumwa, mambo yanabadilika: fosforasi ndiyo adui wa kwanza, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana fosforasi nyingi mno. Mbwa wa namna hiyo hatakiwi kupewa chakula cha mwongozo huu.

Nyumbani, pima maji anayokunywa. Asubuhi mwekee maji yaliyopimwa kwa jagi, jioni na kesho yake asubuhi pima yaliyobaki. Fanya hivyo siku tatu, na uzibe njia nyingine zote za maji, pamoja na ndoo ya kufulia. Mbwa anayevuka mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku ana tatizo. Kwa mbwa wa kilo 20 hiyo ni lita mbili. Jua la Januari linaongeza kiu, lakini si kwa kiwango hicho. Dalili nyingine ni kukojoa ndani wakati hakuwa na tabia hiyo, kinywa kunuka kama mkojo, kutapika asubuhi na kupoteza hamu ya kula.

Hata kama huoni dalili, mpeleke kwa daktari wa mifugo, awe wa binafsi au wa halmashauri yako, Jiji la Mwanza au Manispaa ya Ilemela. Omba vipimo viwili kwa pamoja: damu, kwa ajili ya kreatinini na urea (taka ambazo figo huzichuja), na mkojo, kwa ajili ya uzito wa mkojo, yaani umekolea au ni mwepesi, na protini inayovuja. Usikubali damu peke yake. Kreatinini inatoka kwenye misuli, kwa hiyo mbwa aliyekwisha misuli anaweza kuonyesha namba nzuri huku figo zinakufa. Mkojo mwepesi kama maji ndio unaoifichua siri hiyo. Mkojo unaukinga mwenyewe asubuhi kwa kikombe kisafi anapoinua mguu, na kuuwahisha kliniki.

Majibu yakiwa mazuri, endelea. Yakiwa mabaya, simama hapa na ufuate chakula atakachokupangia daktari.

## Hatua ya 4: Piga hesabu ya protini

Kanuni ya kufanyia kazi: gramu 3 hadi 4 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito anaotakiwa kuwa nao. Sisemi uzito alionao. Mbwa wa kilo 26 aliyetakiwa kuwa na 20 anahesabiwa kwa 20. Aliyekonda hadi 16 naye anahesabiwa kwa 20.

Kwa hiyo kilo 20 ni gramu 60 hadi 80. Lenga 70.

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa kudhani gramu 70 za protini ni gramu 70 za nyama. Nyama mbichi sehemu kubwa ni maji. Tumia makadirio haya kwa kila gramu 100:

- Dagaa wakavu, safi: gramu 55 hadi 60
- Minofu mibichi ya sangara: 18 hadi 20
- Nyama ya ng'ombe mbichi isiyo na mafuta: kama 20
- Maini mabichi: kama 20
- Utumbo mbichi: kama 12
- Maharage yaliyochemshwa: 8 hadi 9
- Unga mkavu wa dona: 8 hadi 9
- Ugali uliopikwa: kama 3
- Maziwa: kama 3

Yai moja la kawaida lina gramu 6.

Tazama mstari wa ugali. Ili mbwa wa kilo 20 apate gramu 70 kutoka kwenye ugali mtupu, inabidi ale zaidi ya kilo mbili kwa siku. Atajaa, atanenepa, na misuli itaendelea kuisha, kwa sababu protini ya mahindi yenyewe ina upungufu wa laisini na triptofani, ambazo mwili wa mbwa hauwezi kujitengenezea.

## Hatua ya 5: Nunua kwa macho, pua na vidole

Dagaa. Mwanza tumebarikiwa hapa, na ndiyo maana nasisitiza dagaa kuliko nyama. Lakini dagaa si dagaa tu. Kuna wa chanja, walioanikwa juu ya nyavu zilizotandikwa kwenye vichanja, na kuna walioanikwa mchangani. Wa mchangani wanaonekana wa bei nafuu hadi ukiwaosha.

Ukienda Mwaloni pale Kirumba, muuzaji atakuuliza, "Wa kula au wa mifugo, mwanangu?" Jibu ni wa kula. Ukisema wa mbwa utaelekezwa kwenye lundo la dagaa wa kuku: waliovunjika, wenye mchanga, wengine walionyeshewa. Chota kiganja kutoka katikati ya lundo, usichukue wa juu. Waachie waanguke, kisha tazama kiganja. Kikibaki na chembechembe, nenda meza nyingine. Dagaa mzuri bado ana fedha mgongoni na anakatika kwa mlio. Aliyegeuka rangi ya njano au kahawia na kunuka mafuta yaliyochacha, mwache. Mwenye unyevu au ukungu, usimguse hata akipunguzwa bei.

Wakati wa kununua ni siku za giza, mwezi usipoonekana. Wavuvi wa dagaa wanatumia taa usiku, na mbalamwezi ikiwaka uvuvi unalala na bei inapanda. Jaza ndoo yako siku hizo za giza, tena msimu wa jua kali. Dagaa wa siku za mvua hawakauki vizuri.

Sangara. Minofu ni mizuri lakini bei yake inashindana na ya binadamu. Panki, yaani mifupa ya sangara inayobaki baada ya kutolewa minofu, zikiwa na nyama zinafaa kama una uvumilivu: chemsha, ziache zipoe, chambua nyama kwa vidole, mifupa yote itupwe. Panki za kukaanga za barabarani zina mafuta na chumvi, si za mbwa mzee. Sato na furu nawaacha kabisa. Miba yao ni myembamba na inachoma koo, na kumchambulia mbwa furu ni kazi ya siku nzima.

Mayai. Hakuna protini inayomeng'enywa vizuri kuliko hii kwa bei yake. Mpe yaliyopikwa.

Nyama ya machinjioni. Nyama nyekundu, moyo na utumbo uliooshwa vinafaa. Maini, gramu 40 mara mbili kwa wiki zinatosha, kwa kuwa yana vitamini A nyingi inayojikusanya mwilini. Maini au mapafu yenye malengelenge ya maji yachomwe au yafukiwe shimo refu, wala usimtupie mbwa. Yale ni vifuko vyenye viluwiluwi vya minyoo ya tegu ambayo mbwa akiila mbichi anaisambaza kwa mavi yake hadi kwa watoto wa nyumbani.

Maharage na soya. Ni vya kusaidia, visishike nafasi ya kwanza. Vipikwe hadi vilainike kabisa. Soya mbichi ina viini vinavyozuia protini kumeng'enywa.

Unga. Hili halina mjadala: usinunue mahindi yaliyooza "kwa ajili ya mbwa". Mahindi yenye ukungu yana sumukuvu, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoumizwa haraka nayo kwenye ini. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Mahindi yasiyofaa sahani yako hayafai bakuli lake.

Chakula kikavu cha dukani. Soma mfuko. Kiwango cha chini kinachokubalika kwa mbwa mzima ni asilimia 18 ya protini bila kuhesabu maji. Kwa mzee mwenye figo nzima tafuta 25 hadi 30. Maandishi ya "kwa mbwa wazee" pekee hayakuhakikishii chochote, kwa kuwa baadhi ya watengenezaji wanapunguza protini na wengine wanaiongeza. Kile cha kupimiwa kwa kilo kutoka mfuko uliofunguliwa siku nyingi kinakuwa kimechacha mafuta.

## Hatua ya 6: Osha dagaa hadi beseni liseme

Mchanga unasaga meno yaliyobaki na ukizidi unaziba utumbo. Hatua hii inachosha, na ndiyo watu wanayoikata.

Jaza beseni la kwanza maji ya uvuguvugu. Tumbukiza dagaa, wakoroge kwa mkono dakika moja, waache watulie. Sasa wainue kwa viganja kutoka juu na uwahamishie beseni la pili. Usimwage dagaa na maji kwa pamoja kwenye chekeche. Ukimwaga, mchanga uliotua chini unawarudia.

Pitisha kidole chini ya beseni la kwanza. Utahisi mkwaruzo. Mwaga, suuza, rudia. Endelea kubadilishana mabeseni hadi kidole kiteleze bila kukwaruza. Dagaa wa chanja wanahitaji mara mbili au tatu. Wa mchangani wanaweza kukuchosha ukawatupa.

Vichwa usitoe. Uchungu wake mbwa haujali, na mifupa ile ndiyo kalisi yake.

Wachuje kwenye chekeche, kisha waanike juani kwenye ungo, mbali na inzi na paka, hadi wakatike tena kwa mlio. Kama kumefunga mawingu, wakaushe kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo, bila mafuta, ukigeuza.

Watwange au wasage kwenye blenda, kisha uchekeche. Kinachobaki juu kirudi kinuni. Unga ukiwa laini, miba haichomi fizi wala koo, na mbwa hawezi kuchagua dagaa akaacha mboga. Hifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, mahali pakavu penye kivuli. Dawa ya kuua wadudu isikaribie ndoo hiyo.

Umefanikiwa ukiona: unga wa rangi ya kijivu, unanukia samaki bila uchachu, na ukiusugua kati ya meno ya mbele hausikii changarawe. Ndiyo, uonje. Ni dagaa tu.

## Hatua ya 7: Pika

Kiasi cha siku moja, mbwa wa kilo 20:

- Unga wa dagaa gramu 60 (protini kama 35)
- Mayai 2 (protini 12)
- Nyama iliyokatwa vipande vidogo, gramu 60 (protini 12)
- Unga wa dona gramu 120 (protini 10)
- Boga au karoti gramu 100
- Mafuta ya alizeti kijiko 1 cha chai

Jumla ni karibu gramu 70 za protini na kilokalori 900 na ushei, kiasi cha mbwa mzee anayetembea kidogo.

Chemsha nyama na boga kwenye maji mililita 700 kwa dakika 15. Mimina unga wa dagaa, chemsha dakika 10 nyingine. Punguza moto, nyunyiza dona kidogo kidogo ukikoroga, kama unavyosonga ugali mlaini, na uache iive kweli, dakika 10 hadi 15. Wanga usioiva unamjaza gesi. Koroga mayai pembeni, yamimine, koroga hadi yashikane. Ipua, weka mafuta.

Kinachotoka kiwe kizito cha kushikamana kwenye mwiko lakini kilaini cha kumezwa na mbwa asiye na magego.

Kwa mbwa wa kilo 10, pika kidogo zaidi ya nusu ya kiasi hiki. Kwa wa kilo 30, zidisha mara moja na theluthi. German Shepherd wa kilo 35, mara moja na nusu.

Kanuni ya kurekebisha, ambayo ningeomba uiandike kwenye mfuniko wa ndoo: kinachopanda na kushuka ni unga wa dona na mafuta. Dagaa, mayai na nyama haviguswi. Mbwa mnene? Dona ishuke hadi gramu 80 na mafuta yatoke. Amekonda? Dona ipande gramu 20 kwa wiki. Ukipunguza chakula chote kwa pamoja unampunguzia na protini, na utapoteza misuli badala ya mafuta.

Mapishi haya hayajakamilika kwa kila kirutubisho. Zinki, vitamini E na madini joto yanaweza kupungua ukiyatumia miezi mingi mfululizo. Muulize daktari akupe kirutubisho cha mbwa chenye madini na vitamini. Kalisi usiongeze, dagaa wanatosha. Hapana kwa unga wa mifupa, hapana kwa maganda ya mayai.

Onyo la makombo. Mchuzi wa nyumbani kwetu unaanza na kitunguu, na kitunguu, kibichi au kilichoiva, kinavunja chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kitunguu saumu vilevile. Ndiyo sababu ya sufuria ya peke yake. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka vipande vyenye ncha. Ngozi ya kuku na mafuta yaliyobaki kikaangoni vinaweza kuwasha kongosho. Waambie wote nyumbani, hasa bibi, maana bibi ndiye anayemwonea mbwa huruma saa tisa mchana wakati wengine hawapo.

## Hatua ya 8: Mhamishe taratibu

Tumbo la mzee halipendi kushtukizwa. Siku tatu za kwanza, robo ya chakula kipya na robo tatu ya cha zamani. Siku tatu zinazofuata, nusu kwa nusu. Kisha robo tatu kwa siku tatu. Siku ya kumi, kipya kitupu.

Akiharisha, rudi nyuma ngazi moja ukae hapo siku mbili. Akiharisha damu, au akitapika mfululizo, usisubiri kesho.

Gawa chakula cha siku mara mbili, asubuhi na jioni. Asiye na hamu mgawie mara tatu. Kisiwe cha moto wala cha baridi kutoka kwenye friji: cha vuguvugu kinanukia, na mzee anakula kwa pua zaidi ya macho. Kwenye friji kikae siku tatu tu. Kama huna friji, pika kila siku na kilichobaki jioni kitupwe.

Misuli haijengwi na chakula peke yake. Mtembeze dakika 10 hadi 15, mara mbili kwa siku, mahali tambarare. Kama unaishi Mabatini au Bugando kwenye mawe, mteremshe polepole kwa kamba. Kuruka mawe kulikuwa raha yake ya ujana, sasa nyonga zinadai.

## Hatua ya 9: Fuatilia

Mpime kila baada ya wiki mbili, mizani ile ile, kabla ya kula. Mnene apungue gramu 200 hadi 400 kwa wiki, si zaidi. Aliyekonda aongezeke polepole.

Mavi yanazungumza kabla ya mizani. Yanayotakiwa ni ya kahawia, yameshikana, yanaokoteka. Yakiwa magumu, meupe kama chokaa, na mbwa anajikamua, mifupa imezidi: punguza dagaa gramu 20, weka nyama gramu 60 mahali pake. Yakiwa laini na mengi kupita kiasi, dona imezidi au haikuiva. Yakiwa meusi kama lami, hiyo inaweza kuwa damu iliyomeng'enywa, na safari ni ya kliniki.

Wiki ya sita hadi ya nane rudia kumpapasa kama kwenye hatua ya 2, ukianza na kichwa. Mabonde yakianza kujaa huku mbavu zimebaki vilevile, unachojenga ni misuli. Dalili nyingine utaiona asubuhi: anainuka kwa miguu ya nyuma bila kujivuta kwanza kwa ya mbele.

Usipoona mabadiliko hadi wiki ya nane, na mizani yako haina shaka, acha kuongeza chakula. Rudi kwa daktari na daftari lako na uombe vipimo vya ini, sukari na kupe.

## Matatizo yanayorudi

Anakataa unga wa dagaa. Anza na gramu 15, ongeza kila baada ya siku mbili. Ukishindwa, tumia nyama gramu 180 badala ya dagaa wote, lakini hapo umepoteza kalisi, kwa hiyo umwone daktari kuhusu kiasi cha kumwongezea.

Anajikuna baada ya kuanza. Ondoa dagaa kwa wiki sita hadi nane, baki na nyama ya ng'ombe na kirutubisho cha daktari, kisha uwarudishe peke yao. Ila angalia viroboto kwanza.

Anakunywa maji kidogo kuliko zamani. Ni kawaida, chakula hiki kina maji mengi. Kiu ikiongezeka baada ya miezi kadhaa ya utulivu, hilo ndilo la kukutia wasiwasi: rudia hatua ya 3.

Tumbo linavimba ghafla, anajaribu kutapika hakitoki kitu. Usimpe maji, usimpe dawa ya gesi. Hasa mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu, tumbo linaweza kuwa limejisokota, na ana saa chache. Tafuta usafiri.

Figo zilikuwa nzima, je, zipimwe tena lini? Kila miezi sita, damu na mkojo kwa pamoja. Peleka na daftari.